Mama Anapoambiwa Ana Saratani ya Titi: Wajibu wa Familia, Jumuiya na Parokia

Kila siku ya kazi, tangu alfajiri, barabara inayopanda mlima wa Bugando jijini Mwanza hujaa watu wanaokwenda hospitalini. Wapo walioshuka kwenye mabasi ya Bukoba, Musoma na Kahama; wapo waliovuka ziwa kwa meli kutoka Nansio kisiwani Ukerewe; na wapo wa Sengerema na Geita ambao, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, hawasubiri tena kivuko. Miongoni mwao wamo akina mama waliobeba bahasha yenye majibu ya kipimo cha kinyama kilichochukuliwa kwenye titi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni mali ya Kanisa chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na huendeshwa kwa ushirikiano na Serikali. Kwa hiyo mama anapoingia katika jengo lile, anaingia nyumbani mwa Kanisa. Makala hii inauliza hali inakuwaje anapotoka humo na kurudi nyumbani kwake, parokiani kwake na katika Jumuiya yake Ndogo Ndogo ya Kikristo, akiwa na jibu ambalo hakulitarajia.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na vifo vilivyotokana na ugonjwa huo vilifikia 670,000. Nchini Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Barani Ulaya wanaougua ni wengi kuliko huku kwetu, lakini wanaopona nao ni wengi, kwa sababu uvimbe hugunduliwa ungali mdogo. Katika Kanda ya Ziwa sehemu kubwa ya akina mama hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne: titi limekuwa gumu, ngozi imevutika na kufanana na ganda la chungwa, chuchu imezama ndani, au kidonda kimeshafunguka.

Sababu mojawapo ya kuchelewa huko ni ndogo na ya hatari: kivimbe cha saratani kwa kawaida hakiumi kinapoanza. Mama aliyelea watoto saba, aliyelima pamba na kuanika dagaa, amezoea kwamba mwili ukitaka jambo utauma. Usipouma, kazi iendelee. Anakigusa kivimbe anapooga, anakiacha, anasubiri mavuno, anasubiri mtoto amalize mtihani. Kinapoanza kuuma, mara nyingi miezi mingi imekwisha kupita.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango maalumu kuhusu saratani ya matiti, likaweka kipimo ambacho hata mwenyekiti wa Jumuiya anaweza kukikumbuka: tangu mama anapofika kituo cha afya kwa mara ya kwanza akilalamikia titi hadi anapopata jibu kamili, zisizidi siku 60. Mpango huohuo unataka angalau wanawake 80 kati ya kila 100 wanaoanza matibabu wayamalize. Siku hizo 60, pamoja na miezi ya matibabu inayofuata, ndizo zinazopotea mikononi mwa ndugu wenye nia njema. Hapo ndipo msaada wetu unapohitajika, na hapo ndipo tunapokosea zaidi.

Nani aambiwe kwanza?

Katika familia nyingi za pwani hii ya ziwa, jibu baya halimfikii mgonjwa moja kwa moja. Mtoto mkubwa wa kiume anaambiwa, au shemeji anayeishi mjini, kisha kikao cha ukoo kinakaa na kuamua kwamba “mama asiambiwe, atakufa kwa mawazo.” Uamuzi huo huzaliwa na upendo, na hakuna haja ya kuwalaumu wanaoufanya. Lakini matokeo yake ni mazito. Mama asiyejua anaumwa nini hawezi kuelewa kwa nini anaombwa akubali kuondolewa titi. Anakataa, anatoroka wodini, anarudi kijijini. Au anakubali bila kuelewa, na nywele zinapoanza kunyonyoka baada ya dripu ya kwanza anaamini kwamba amepewa sumu.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi waamini kwa namna ya pekee. Mtu mzima aliyebatizwa ana haki ya kuujua ukweli wa mwili wake ili aweze kuomba, kuungama, kupatanisha aliyokosana nayo, kupanga mambo ya watoto wake na kuamua kwa dhamiri yake matibabu atakayoyapokea. Ukweli huo usitupwe kama jiwe. Uambiwe na daktari, mbele ya mtu mmoja au wawili ambao mama mwenyewe amewachagua, kwa lugha anayoielewa vizuri. Ikiwa ni Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya, basi mtoto atafsiri yote, bila kupunguza wala kupamba. Ni busara kuandika maswali kwenye karatasi kabla ya kuingia kwa daktari: ugonjwa uko hatua gani, vipimo gani bado, matibabu yataanza lini, yatachukua muda gani, na ni nini kinapatikana kwa bima. Mgonjwa aliyesikia neno “saratani” mara nyingi hasikii tena yanayofuata. Anayemsindikiza asikie kwa niaba yake.

Na habari hiyo ni mali ya mama. Imetokea katika Jumuiya zetu kwamba mtu anatajwa katika maombi ya waamini, kwa jina na kwa ugonjwa, kabla watoto wake wadogo hawajajua. Nia ni njema, aibu ni kubwa. Kabla ya kutangaza kanisani, kabla ya kuandika kwenye kundi la simu la Jumuiya, aulizwe: je, unataka tukuombee hadharani, na tuseme nini? Wapo watakaofurahi kutajwa. Wapo watakaotaka Paroko na mama mmoja wa WAWATA tu ndio wajue. Wote wawili waheshimiwe.

Si adhabu, si kulogwa

Swali la kwanza ambalo mama hujiuliza usiku ni “nimekosa nini?” Na swali la kwanza ambalo jirani hujiuliza, akiwa hana ujasiri wa kulisema, ni “nani amemroga?” Maswali haya mawili ni ndugu. Yote yanadhani kwamba nyuma ya ugonjwa lazima awepo mwenye hatia.

Injili ya Yohane, sura ya tisa, inatuonyesha wanafunzi wakimwuliza Bwana kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa swali lenyewe. Kitabu cha Ayubu nacho kinasimulia marafiki watatu waliokuja kumfariji mwenzao wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. Wengi wetu tunawakumbuka marafiki hao kwa hotuba zao ndefu zilizomchosha Ayubu, na ambazo mwishoni Mungu mwenyewe alizikemea. Tunasahau kwamba zile siku saba za mwanzo walifanya vema. Anayekwenda kumtembelea mama aliyepata jibu jana angefanya vizuri kuishia katika siku ya saba.

Kisayansi, saratani ya titi ni chembe hai za mwili zilizoanza kugawanyika bila mpangilio. Kuwa mwanamke na kuongezeka umri ndiyo mambo makubwa yanayoongeza uwezekano wa kuipata; katika baadhi ya familia ipo pia hitilafu ya kurithi; unene uliozidi na pombe huongeza hatari. Wanawake wengi wanaougua hawana sababu yoyote ya pekee inayoweza kuonyeshwa. Haiambukizi: haipiti kwenye sahani, kitanda, nguo wala kwa kunyonyesha. Haisababishwi na fedha au simu iliyowekwa kwenye sidiria, desturi ambayo kila mama wa sokoni anaijua. Haitokani na kupigwa. Na wanaume pia huugua: kati ya kila wagonjwa 100, mmoja au pungufu yake ni mwanamume.

Imani moja yenye madhara makubwa ni ile isemayo kwamba uvimbe ukiguswa na chuma “unakasirika” na kusambaa. Kwa sababu yake wapo wanaokataa hata kuchukuliwa kinyama, na bila kinyama daktari hawezi kujua ni ugonjwa gani wala dawa ipi itafaa. Imani hiyo ilipata nguvu kwa kuwa wengi walifanyiwa upasuaji wakiwa wamechelewa, wakafariki baadaye, na kisu kikabebeshwa lawama ya kuchelewa. Kipimo cha kinyama hakisambazi ugonjwa kwa namna hiyo inayoogopwa.

Kuhusu waganga, ni lazima tuseme wazi, kwa kuwa ng'ombe wengi wameuzwa katika njia hii. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika vifungu namba 2116 na 2117, inakataza upigaji ramli na uchawi wa kila aina, na inasema kwamba hata matumizi ya tiba za asili hayahalalishi kuziita nguvu za uovu. Mmea ni kiumbe cha Mungu, na dawa kadhaa za saratani zenyewe zilitokana na mimea. Lakini anayemwambia mama kwamba jirani yake ndiye aliyemtupia uvimbe anamwibia vitu vitatu kwa mara moja: fedha, amani na jirani yake, na kwa kawaida anaiba pia ile miezi ambayo upasuaji ungeweza kumwokoa. Anayetumia majani ya mlonge, mwarobaini au unga wowote wa mizizi amweleze daktari, maana baadhi ya dawa za mitishamba hugongana na zile za hospitali, au hulichosha ini ambalo tayari lina kazi nzito.

Hapa inafaa kutaja pia wale wanaomwambia mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani. Hawapo nje ya Kanisa peke yake. Wapo hata katika vikundi vyetu vya sala. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamfundisha mwamini kumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba na ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi. Kinamwelekeza mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mfuatano huo una hekima kubwa. Sala haikuwekwa badala ya daktari, na daktari hakuwekwa badala ya sala. Anayemtaka mama achague kati ya hivyo viwili hafundishi kama Kanisa linavyofundisha.

Miezi mirefu ya matibabu

Mwinjili Luka anasimulia kwamba Bikira Maria alipokwenda kumsalimu Elizabeti katika nchi ya milima alikaa naye kama miezi mitatu. Kwa desturi yetu, ziara ya mgonjwa ni saa moja: chupa ya juisi, sala, pole, kwaheri. Matibabu ya saratani ya titi yanahitaji ziara ya kipimo cha Maria.

Kwa ujumla mpango huunganisha njia kadhaa. Upasuaji huondoa uvimbe peke yake au titi lote, pamoja na tezi za kwapani. Tibakemia hutolewa kwa dripu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, kwa miezi minne hadi sita hivi. Wakati mwingine hutangulia upasuaji ili kuupunguza uvimbe mkubwa. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi kidogo. Na ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba uvimbe unategemea homoni, mama humeza vidonge, kama vile tamoksifeni, kila siku kwa miaka mitano na pengine zaidi. Si kila mama hupitia yote haya, wala si kwa mfuatano mmoja.

Kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini ilipatikana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road tu, jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza. Leo Bugando nayo inatoa huduma hiyo, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, hebu tutazame hesabu ya mama wa Ukara au Muleba. Mionzi yenyewe humchukua dakika chache kwa siku. Zilizobaki za siku hiyo, na siku zote za wiki hizo, anahitaji mahali pa kulala, chakula, na nauli ya daladala ya kupanda na kushuka Bugando. Wengi huacha matibabu hapo. Dawa ipo, mashine ipo. Kinachokosekana ni kitanda cha mtu wa kawaida katika nyumba ya kawaida mjini.

Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo eneo ambalo parokia za jijini zingeweza kufanya zaidi ya sehemu nyingine yoyote, na kwa gharama ndogo. Familia moja ya Nyakato, Igoma, Pasiansi au Nyegezi ikimpokea mama mmoja kwa wiki tano imefanya kazi ambayo michango mikubwa ya harambee huishindwa. Paroko wa kisiwani amwandikie Paroko wa mjini. WAWATA wa huku wawasiliane na WAWATA wa kule. Umoja huo una mtandao uliofika hadi vigangoni tangu ulipoanzishwa mwaka 1972, na mtandao wa namna hiyo hauna budi kutumika kwa kitu zaidi ya kupanga vitenge vya sikukuu.

Kuhusu fedha: bima ya afya ichunguzwe mapema, tena kwa maandishi, ili ijulikane inagharimia nini na inaacha nini. Asiye na uwezo aende katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza shamba. Aende na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Jumuiya inapochanga, mchango mdogo wa kila wiki tatu, uliopangwa kufuata tarehe za dripu, una faida kuliko fungu kubwa la mara moja ambalo huisha kwenye dripu ya pili.

Nyumbani, msaada una sura ya jembe na sufuria. Tibakemia huleta uchovu ambao usingizi hauuondoi, kichefuchefu, vidonda vya mdomo na kunyonyoka kwa nywele. Nywele huota tena tiba inapokwisha. Mama apewe chakula kidogo mara nyingi: uji wa ulezi, samaki wa kuchemsha, viazi vitamu, mboga zilizooshwa vizuri, maji yaliyochemshwa. Harufu ya sangara anayekaangwa, ambayo jana ilimpa hamu, leo inaweza kumtapisha, basi jiko lihamishiwe mbali kidogo. Asilazimishwe kula kwa maneno kwamba “usipokula utakufa.” Dawa hizi hupunguza kinga ya mwili, kwa hiyo mwenye mafua aahirishe ziara. Na jambo ambalo kila anayekaa na mgonjwa lazima alijue: homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi cha tibakemia ni dharura. Asipewe panadol na kuambiwa asubiri asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na wanaompokea waambiwe kwamba yuko kwenye tibakemia. Kipima joto kinauzwa katika maduka ya dawa, na kingekuwa zawadi bora kuliko katoni ya soda.

Baada ya upasuaji, mkono wa upande ule unaweza kuvimba. Mazoezi mepesi aliyofundishwa hospitalini yaendelee, na kwa wiki za mwanzo ndoo ya maji, mtungi na mzigo wa kuni vichukuliwe na wengine. Hapa vijana wa VIWAWA na watoto wa Utoto Mtakatifu wana utume ulio wazi, usiohitaji semina.

Yupo pia mtu ambaye hakuna anayemwuliza hali yake: binti, au dada, au mkwe aliyeacha kazi yake ili amlee mama. Ndiye anayelala kwenye kiti, anayefua, anayejua ratiba ya dawa. Anachoka, anakasirika, kisha anajilaumu kwa kukasirika. Jumuiya imwekee zamu ya kumpumzisha, walau siku moja kwa juma, aende Misa, aende sokoni, alale.

Mume na watoto

Kwa mwanamke aliyeolewa, kupoteza titi ni msiba unaofanana na kufiwa. Anaogopa kisu, na anaogopa zaidi macho ya mumewe. Wapo wanaume ambao katika kipindi hiki wamekuwa nguzo kweli: wamefunga vidonda, wamenyoa nywele zao wenyewe ili mke asione aibu. Wapo pia waliohama chumba, na wapo waliohama nyumba. Mume Mkatoliki aliahidi mbele ya altare, akiwa na akili timamu na mashahidi wawili, kwamba upendo wake utadumu katika ugonjwa kama katika afya. Titi halikuwa sharti la ahadi ile. UWAKA, umoja wetu wa akina baba, ungefanya vema kuliweka jambo hili kwenye ajenda, kwa sababu mwanamume humsikiliza zaidi mwanamume mwenzake aliyepitia njia hiyo kuliko mahubiri.

Watoto wadogo nao wana macho. Wakinyamazishwa watajitungia sababu, na mara nyingi wataamini kwamba wao ndio waliomletea mama ugonjwa kwa utundu wao. Waambiwe kwa maneno machache: mama anaumwa, ugonjwa unaitwa saratani, madaktari wanamtibu, na ninyi hamna kosa. Waruhusiwe kumkumbatia. Mionzi ya mashine haibaki mwilini wala haiwadhuru wanaomkaribia.

Mabinti wakubwa na dada wa mgonjwa wamweleze daktari kuhusu historia ya familia, na wazoee kuyafahamu matiti yao ili wagundue badiliko mapema. Kwa bahati nzuri mwezi Oktoba, ambao Kanisa huuweka kwa ajili ya Rozari Takatifu, ndio pia mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti duniani kote. Jumuiya zinazokusanyika kila jioni kusali Rozari zingeweza kumwalika muuguzi mmoja wa parokia kwa jioni moja.

Masakramenti yasisubiri kufa

Mtume Yakobo anamwagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Anayeita ni mgonjwa mwenyewe, na wanaokuja ni makasisi. Hata hivyo, katika vijiji vyetu bado Padre akionekana na chombo cha mafuta watu huanza kutafuta mbao za jeneza. Mazoea ya zamani ya kuuita Mpako wa mwisho yametuachia hofu hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza kwamba hii siyo sakramenti ya wanaokata roho peke yao, na Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1004, inasema inaweza kutolewa mara mwamini anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee; nayo inaweza kurudiwa ikiwa alipata nafuu kisha akaugua tena, au hali ikizidi kuwa mbaya. Katekisimu, namba 1515, inaona inafaa kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa. Kwa hiyo mama aliyepangiwa upasuaji Jumatano asisubiri wodini. Apokee Kitubio, Mpako Mtakatifu na Ekaristi parokiani kwake Jumapili iliyotangulia, akizungukwa na Jumuiya yake.

Zipo nafuu nyingine ambazo waamini wengi hawazijui. Kanuni namba 919 inawaruhusu wagonjwa, na hata wale wanaowahudumia, kupokea Komunyo ingawa wamekula katika saa iliyotangulia. Mama anayemeza dawa pamoja na uji asinyimwe Ekaristi kwa sababu ya uji huo, wala binti yake aliyekunywa chai baada ya kukesha. Vilevile mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Aliye katika tibakemia asifunge hata akitamani.

Tarehe 5 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agata, bikira na mfiadini wa Catania huko Sicilia aliyeuawa katikati ya karne ya tatu. Mapokeo yanasema alikatwa matiti katika mateso yake, na kwa sababu hiyo wanawake wanaougua matiti wamekuwa wakimkimbilia awaombee. Jina lake limo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Tunalisikia na kulipita. Siku sita baadaye, tarehe 11 Februari, ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Katika ujumbe wake wa mwaka 2024 kwa siku hiyo Baba Mtakatifu Fransisko alitafakari neno la Kitabu cha Mwanzo kuhusu ubaya wa mtu kuwa peke yake, akafundisha kwamba uponyaji wa mgonjwa huanza na uponyaji wa mahusiano yake.

Lazima pia tuseme kuhusu mama ambaye ugonjwa wake umesambaa na hautapona. Kusema “hakuna la kufanya” si kweli. Ipo tiba shufaa, inayoshughulikia maumivu, pumzi, vidonda na hofu. Mofini ya kunywa, ikitolewa na daktari kwa kipimo, huondoa maumivu makali. Mgonjwa anayeipata haigeuki kuwa mlevi. Mama Kanisa hamtaki mtu ateseke ili aonekane mtakatifu. Katekisimu, namba 2279, inakubali dawa za kutuliza maumivu hata kama zinaweza kufupisha siku, mradi kifo hakikusudiwi, na inaiita huduma hiyo namna ya pekee ya upendo usio na ubinafsi. Familia isiogope kumwomba daktari dawa hiyo, wala mgonjwa asione haya kuimeza.

Kwa mgonjwa asiyeweza kufika kanisani, mwenyekiti wa Jumuiya au katekista wa kigango amwarifu Paroko mapema, akitaja nyumba ilipo, siku ya upasuaji au ya safari, na kama mama anataka majirani wawepo au la. Paroko mwenye vigango vingi, na kingine kikiwa ng'ambo ya maji, anahitaji siku kadhaa za kujipanga.